Shamba la bondeni au la juu kichangani? Nimelima yote mawili, soma kabla hujatoa hela

Juzi mtoto wa shangazi yangu, yuko Dar, kanitumia picha mbili za mashamba ya huku kwetu upande wa Mtama, mkoa wa Lindi. La kwanza liko bondeni karibu na mto Lukuledi, udongo mweusi unang'aa hadi unatamani kuula, la pili liko juu unakopandisha kuelekea nyanda za Makonde, kichanga chekundu kina mikorosho michache ya zamani. Heka tano kwa heka tano, na hela wanayotaka inalingana. Swali lake fupi, "kaka nichukue lipi?", afu kabla sijajibu akaongeza mwenyewe, "mi naona la bondeni, rutuba inaonekana mpaka kwenye picha."

Nikampigia, tukaongea mpaka bando likaisha. Nimeona niandike tu kabisa maana swali hili naulizwa kila mwaka kuanzia mwezi wa nane, watu wakishaanza kusaka mashamba, na wengi wanachagua kwa rangi ya udongo. Mi nimelima kote kuwili na nimepata hasara kote kuwili, kwa hiyo hapa hakuna ushabiki.

Kwanza ujue hiki unachoitiwa "bondeni" sio udongo mmoja. Mto ukifurika maji yakitoka nje ya kingo yanapoteza kasi, yakipoteza kasi yanaachia mzigo, na kizito ndo kinaanguka mwanzo. Ndo maana pembeni kabisa ya mto unakuta kichanga kimeinuka kidogo kama tuta, ukisogea mbali unakuta ule udongo mzuri wa katikati, tifutifu lenye mfinyanzi, ukienda zaidi kwenye kibonyo cha mwisho ambako maji yanakaa mpaka yakauke yenyewe unakuta mfinyanzi mzito mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa mpaka mguu wa mbuzi unazama. Watu watatu wanaweza kuwa na mashamba bonde moja, majirani kabisa, na wakalima vitu vitatu tofauti. Dalali yeye anasema "bondeni" basi.

Ule wa katikati ndo ninaouzungumzia hapa. Mfinyanzi wake unakuwa kwenye asilimia 27 mpaka 40, uliobaki ni mchanga na lile tope laini linaloteleza kama unga ukilisugua vidoleni. Unachimba mita moja na nusu hujagonga jiwe wala mwamba, na ukitazama ukuta wa shimo unaona matabaka matabaka, jembamba, nene, la kichanga kidogo, jeusi, kila moja limeletwa na mafuriko yake.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui, kichanga cha juu nacho ni kirefu. Kule nyanda za Makonde unaweza kuchimba kisima ukatafuta maji mpaka ukakata tamaa, udongo bado unaendelea tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "shamba langu udongo wake una kina" mwambie sawa, hata la juu lina kina, niambie hicho kina kinatunza nini. Hapo ndo tofauti yote ilipo.

Maji

Chukulia udongo ni ndoo. Mita moja ya kwenda chini ya tifutifu-mfinyanzi inatunza maji ambayo mmea unaweza kuyanywa kama milimita 150 mpaka 200. Kichanga mita hiyo hiyo kinatunza 60 mpaka 100, na kikiwa kichanga kweli kweli hata hiyo 60 hakifiki. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele yanakunywa kama milimita 5 kwa siku. Mmea hausubiri ndoo iishe ndo uanze kulia, ikifika nusu tu tayari majani yanajikunja. Piga hesabu: kichanga cha milimita 70, nusu yake 35, gawa kwa 5, siku saba. Bondeni tuseme 170, nusu yake 85, siku kumi na saba.

Siku saba na siku kumi na saba. Kwa mtu wa mikoa ya mvua nyingi hilo linaweza lisimguse, ila sisi kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, inaanza mwishoni mwa Novemba au Disemba inaenda mpaka Aprili au Mei, na katikati hapo mwishoni mwa Januari kuingia Februari mvua ina tabia ya kukata, wiki moja, wakati mwingine mbili. Ndo pale ambapo mahindi ya juu yanaungua na ya bondeni hata hayajui kama mvua imekata. Nimeona kwa macho, mjomba wangu kapanda mbegu ile ile na mimi wiki ile ile, yeye chini mi juu, mi nilivuna mabua.

Lakini geuza shilingi uone upande wa pili. Kichanga kinameza maji, mvua ya saa nzima ya milimita 30 inazama yote na baada ya nusu saa unatembea na kandambili. Tifutifu-mfinyanzi inameza milimita 5 mpaka 10 tu kwa saa, kwa hiyo mvua ile ile itasimama juu. Na bondeni hakuna pa kukimbilia, ni tambarare, tena maji ya milimani kote yanashukia hapo hapo, upande mmoja nyanda za Rondo upande mwingine za Makonde, Lukuledi iko katikati inapokea tu. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi. Mahindi yakisimama kwenye maji siku tatu nne hasa yakiwa madogo ndo basi tena. Ufuta hata siku hizo haufiki.

Naujua wa ufuta kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili bondeni niliona bei ya ufuta imependeza nikasema mpunga wa nini, nikamwaga ufuta heka mbili mwanzoni mwa Februari. Ukaota vizuri, jani la kijani kibichi, nikawa najipiga picha. Mwezi wa tatu ikaja mvua ya siku mbili, maji yakasimama siku ya tatu, ya nne ukaanza njano, ya sita nang'oa mche mizizi imekuwa myeusi inanuka. Wenzangu wa kichangani mvua ile ile ilikuwa baraka kwao.

Rutuba, na uongo wa rangi

Ni kweli bonde lina rutuba kushinda juu, hilo halina ubishi. Mfinyanzi unashika virutubisho, kichanga hakishiki. Mbolea ya kukuzia ukiimwaga kichangani kwa mkupuo mmoja mvua mbili zikipiga sehemu kubwa imeshaenda chini kusikofikiwa na mizizi, ndo maana juu unashauriwa kugawa mara mbili tatu kidogo kidogo na kutia samadi kila unapoipata. Kingine cha huko juu, kama shamba ni la mikorosho ya zamani lililopuliziwa salfa ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) miaka na miaka, ile salfa inayodondoka chini inaongeza tindikali kwenye udongo, kwa hiyo ukitaka kung'oa mikorosho upande mahindi pima kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, pale Mtwara wana watu wa udongo, wafuate, usipime kwa kuonja kama wazee.

Ila usidanganyike na weusi. Udongo mweusi unaweza kuwa mweusi kwa sababu umelala kwenye maji muda mrefu. Na udongo ukilowa sana naitrojeni uliyonunua kwa hela inageuka hewa inapotea, huioni ikienda. Halafu hii hadithi ya "mafuriko yanaleta mbolea ya bure kila mwaka" ina ukweli nusu. Mwaka mmoja yanakuletea tope laini zuri, mwaka mwingine mto unabadili mwelekeo kidogo unakumwagia mchanga mtupu juu ya shamba unene wa kiganja, na huna wa kumdai.

Jembe

Hapa watu hawaongeleagi na ndo panapochosha mwili. Kichanga unalima siku yoyote, mvua imekata asubuhi, mchana uko shambani, bibi wa miaka sabini anapalilia anaimba. Tifutifu-mfinyanzi ina siku zake. Ukiwa mbichi unaganda kwenye jembe, kila hatua mbili unasimama kukwangua, na ukilazimisha na trekta ndo unaharibu kabisa, tairi zinashindilia chini linatokea tabaka gumu mizizi haipiti na maji hayapiti, hasara ya miaka. Ukikauka sana unakuwa tofali. Katikati hapo kuna siku chache tu, baada ya mvua kubwa unaweza kusubiri siku tatu mpaka wiki, afu unapata siku nne tano za kulima kwa raha, hujalima zimepita.

Namna ya kujua siku imefika: chukua udongo wa urefu wa jembe kwenda chini, ukamate kiganjani ukande, ukijikunja kama donge la ugali na unang'aa, rudi nyumbani. Ukiukanda afu ukiugusa kwa kidole unamegeka vipande, ita vibarua.

Huo ugumu wa mfinyanzi ukikauka umewahi kuwatoa jasho watu wakubwa. Waingereza walileta mradi wao wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, kule Kongwa udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama sementi, karanga ziko chini hazing'oki na mashine zinakatika meno, mvua nayo ikawagomea, mwaka 1951 wakafunga. Kwetu walituachia bandari ya Mtwara angalau. Kwa hiyo ukiona na wewe bonde linakushinda mwezi wa saba usijione mzembe.

Nini kinakubali wapi

Mkorosho ni wa juu, nukta. Unataka mzizi ushuke na chini pakavu, unapandwa mita 12 kwa 12, miche kama 28 kwa heka, na ukishasimama haukuulizi kitu zaidi ya kupulizia, kupogoa na kufyeka. Nilishapanda miche kumi na tano bondeni kwa kiburi, miaka miwili ilikua haraka kuliko ya juu nikawa nawacheka watu, mwaka wa tatu maji ya masika yalikaa, ikakauka kumi na moja, iliyobaki ikawa kuni. Muhogo vilevile, bondeni unapata majani mazuri ya kisamvu na mizizi imeoza. Mbaazi juu. Ufuta juu, nimeshakwambia. Karanga na njugumawe juu, kuzing'oa kwenye mfinyanzi ni adhabu.

Bonde ni mpunga. Ule mfinyanzi unaoua ufuta ndo unaoshikilia maji ya mpunga yasizame, mbegu ya SARO 5 kwa mfano inakaa shambani miezi minne hivi, unatifua mapema, unapandikiza kwa mstari na kuweka vijaruba, yaani vipande vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji. Kichangani usingethubutu maana maji yangenywewa usiku mmoja. Angalia watu wa Kitere au wale wa kando ya Ruvuma kule Mahurunga na Kitaya, maisha yao ni mpunga. Miwa, migomba, magimbi pia. Na hapa ndo siri ya bonde ilipo kwa maoni yangu, sio mpunga wenyewe, ni kile unachopanda baada ya mpunga kutoka. Juni, Julai, juu kumekauka kila kitu, chini kule udongo bado una unyevu wake, unapanda mahindi ya kuchoma, nyanya, bamia, matikiti, mchicha, mwanzo yanakunywa ule unyevu uliobaki afu unamalizia na ndoo au pampu. Warufiji kilimo hicho cha kufuata maji yanapopungua wanakiita mlau, ni cha zamani sana. Ukivuna Oktoba unakuta hela za korosho zinaingia mitaani na mboga hakuna. Nyanya yako haina haja ya kubembeleza mtu.

Kwa kifupi kwa anayependa kuona pande mbili:

Bondeni: mavuno mawili kwa mwaka kama uko makini, chakula hakikosekani, hela ndogo ndogo zinazozunguka, mwaka wa maji mengi unaweza kukosa vyote.
Juu: zao kubwa moja kwa mwaka, hela kwa mkupuo kupitia mnada wa ushirika, miaka mitatu minne ya mwanzo ya mkorosho unakula ufuta na mihogo uliyochanganya katikati, mwaka mbaya unapunguza ila haufuti.

Mengine ya haraka

Mafuriko sio mpaka mvua inyeshe kwako. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuja wakati watu wanajua masika yanaisha, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, na waliokuwa na mpunga unasubiri kuvunwa mabonde ya Kilwa wanajua wenyewe. Kando ya Ruvuma ongeza viboko na mamba kwenye hesabu. Ndege kwelea wanapenda mpunga kuliko wewe unavyoupenda, wiki tatu za mwisho lazima mtu akeshe. Mbu, hilo halina maelezo. Ukisogea sana kuelekea baharini maji ya chumvi yanapanda na mto, ukiona mikoko jirani acha.

Sheria: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kuna watu wanauziwa hizo mita 60 wanashangilia kwamba shamba "linagusa maji". Pima kwa hatua zako mwenyewe kabla hujatoa shilingi, na mauziano yapitie serikali ya kijiji, sio kwenye kijiwe cha kahawa. Na mipaka ya bondeni inahama, jiwe linafukiwa, mti unabebwa. Mkorosho wa mpakani ukishasimama miaka thelathini kila mtu anaujua ni wa nani.

Kupima kabla ya kununua

Dalali atakupeleka bondeni Septemba, kukavu, kuzuri, upepo unapuliza. Muulize naweza kuja Aprili? Kama hataki, tazama miti. Mashina ya miembe yana alama ya tope, ipo usawa wa goti au kifua? Matawini kuna takataka zimenasa? Afu waulize kina mama wanaoteka maji hapo mtoni, wao hawapati kamisheni.

Lowesha udongo kidogo, ukande, usukume katikati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke utepe. Hautoki kabisa, kichanga. Unatoka sentimita mbili na nusu mpaka tano ndo unakatika, hiyo tifutifu-mfinyanzi unayoitafuta. Unazidi tano na unang'aa, mfinyanzi mzito, huo ni wa mpunga na hasira. Fanya sehemu tano sita za shamba, sio pale anapokusimamisha muuzaji.

Halafu chimba shimo la kufika kifuani. Ukuta ukiwa rangi moja ya kahawia mpaka chini, safi. Ukianza kuona madoa ya kijivu yamechanganyika na ya kutu, hapo ndipo maji yanapokaa masika, yakianzia sentimita 30 andika mpunga tu, yakianzia mita moja kwenda chini unaweza kuchagua.

Nani achukue lipi

Mi kwa mtazamo wangu udongo ni nusu ya swali, nusu nyingine ni wewe unalala wapi. Bonde halilimwi kwa simu. Siku nne za kulima zikipita huwezi kuzirudisha kwa kutuma hela, maji yakisimama mtu lazima aingie na jembe kufungua mfereji usiku ule ule, kwelea wakija lazima mtu awepo. Kama unaishi kijijini, una familia inayofanya kazi pamoja na unataka chakula kisikose ndani, chukua bonde la katikati na usiangalie nyuma. Kama uko Dar au Arusha unakuja mara tatu kwa mwaka, chukua kichanga, mkorosho utakuvumilia, mpunga hautakuvumilia. Anayeweza heka tatu juu na moja chini, huyo ndo kapatia, na ndo wazee wetu wengi walivyokuwa wanafanya bila kusoma mahali.

Dogo hakukubali kirahisi, akasema nimeshapenda lile jeusi. Nikamwambia sawa, usinunue, kodi heka moja msimu mmoja, niweke mimi na shangazi tukusimamie. Ijumaa tulienda kuchimba shimo kwenye ile heka tano. Upande wa barabara utepe sentimita nne, kahawia mpaka chini, nikafurahi. Tukasogea hatua kama themanini kuelekea kwenye kibonyo, madoa ya kutu yakaanzia karibu na juu tu. Tukamwaga ndoo mbili shimoni saa kumi na mbili jioni, kesho yake asubuhi shangazi alienda kuchuma mboga akapita kuangalia, maji yako pale pale, chura ameshahamia. Nimepiga picha nimemtumia dogo.